Entebbe mpaka Munich na mama: marubani 10 kwa 10, kiti cha magurudumu 3 kwa 10

Tumerudi wiki tatu sasa ndo naandika hii, nilitaka hasira ya kile kiti cha magurudumu ipoe kwanza nisije nikawaonea watu waliofanya kazi yao vizuri. Jina la kampuni ya ndege sitaandika na ule uwanja tulipobadilishia ndege pia sitautaja, madai yetu bado yako mezani kwao, na tena mengi ya haya unaweza ukayakagua mwenyewe kwenye ndege yoyote inayotoka Entebbe kwenda Ulaya. Ni kampuni ya Ulaya, ndege kubwa, safari ya usiku. Tiketi dola 870 kila mtu kwenda na kurudi, mwezi wa pili.

Wasafiri mimi na mama. Mama ana miaka 74, magoti yamechoka, hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Mdogo wangu ni nesi kule Munich, kajifungua mtoto wa kwanza, na mama alitaka kumshika mjukuu kabla hajaanza kutembea. Lakini mwanzoni alikataa, na sababu yake haikuwa ya kijinga hata kidogo. Mwaka 1988 tulikuwa tunaishi Jinja kwenye kota za jeshi, redio ikatangaza ndege ya Uganda Airlines imeanguka Roma, na kwa kota zile hakuna aliyelala. Boeing 707, imetoka London Gatwick, ilikuwa itue Roma Fiumicino kisha ije nyumbani Entebbe. Tarehe 17 Oktoba, usiku, ukungu mzito. Wakajaribu kutua wakashindwa, wakajaribu tena wakashindwa, mara ya tatu wakashuka mno wakagonga paa la jengo kabla hata ya kufika kwenye barabara ya kutua. Ndani walikuwa 52, wakafa 33. Vijana wengi wa sasa Kampala hawaijui hii ajali, mama anaijua kama juzi. Akaniambia mwanangu, Ulaya kuna ukungu.

Nikamwambia mama, nitakuwa pembeni yako. Akakubali kwa ajili ya mtoto.

Mimi nauza spea za magari pale soko la Kisekka, Kampala, kwa hiyo kitu cha kwanza huwa naangalia kwenye chombo chochote ni nani anakitunza na anafuata utaratibu gani, chakula na sinema ni baadaye. Na habari za ajali za ndege nazisoma sana, sio kwa kujitisha, ni kwa sababu kila ajali wachunguzi wanaandika kila kitu, bolti kwa bolti, swichi kwa swichi, na baadaye kitu fulani kinabadilika kwenye ndege zote duniani. Spea mbovu ikiua mtu wa boda hapa kwetu hakuna anayeandika hata mstari mmoja, ndo maana hii tabia ya wenzetu naiheshimu sana.

Entebbe kwenyewe sina shida napo. Ekspresi wei tulilipa 5,000, tukafika mapema masaa manne, pale getini mnashuka mnapita kwa ukaguzi kwa miguu, na hapo ndo mtu wa magoti anaumia kidogo, ila kijana mmoja wa usalama alipomwona akasema jjajja (yaani bibi) pole, kaa hapa kwanza, akamletea kiti cha plastiki mpaka foleni ikapungua. Kiti cha magurudumu nilikuwa nimekiomba siku nne kabla, kwa ejenti na tena kwa simu kwa kampuni yenyewe. Sheria ya Ulaya inasema omba angalau masaa 48 kabla, na hulipi kitu. Entebbe kilikuja kwa wakati, kijana anayesukuma ana adabu, mpaka mlangoni mwa ndege. Nawapa 9.

Ndani ya ndege sasa. Kuku mkavu, wali sawa, mama akala mkate na chai akafunga hesabu. Viti vimebana. Blanketi safi. Hayo basi.

Kilichonishika ni mhudumu mmoja, mama wa makamo, nywele fupi za mvi. Yale maelezo ya usalama yalipita kwenye skrini kwa Kiingereza na kwa lugha yao, na mama anajua Kiswahili na Kilugbara tu, akawa anaangalia picha kama anaangalia tangazo la sabuni. Nikaanza kumtafsiria lakini video ilikuwa inakimbia. Yule mhudumu akaona. Video ilipoisha akaja akachuchumaa kwenye korido, magoti chini kabisa, akachukua mkanda wa mama akaufunga na kuufungua mara tatu taratibu, halafu akaushika mkono wa mama akauweka juu ya kile chuma ili afungue mwenyewe. Mama mara ya kwanza alikuwa anatafuta kitufe cha kubonyeza kama cha kwenye gari, na mkanda wa ndege hauna kitufe, unanyanyua kile kibati. Mara ya pili akaweza. Kisha yule mhudumu akamwonyesha mlango wa dharura nyuma yetu, akagusa migongo ya viti kimoja kimoja, akanyoosha vidole saba. Mama akarudia: saba.

Abiria mwenzetu wa dirishani akacheka kidogo, akaona wanamchezea bibi. Nikamwelezea kwa nini viti vinahesabiwa. Tarehe 22 Agosti 1985, uwanja wa Manchester, Boeing 737 ya British Airtours ilikuwa inakimbia iruke, injini ikapasuka, rubani akafunga breki wakasimama salama kabisa, ndege iko chini, haijaruka. Na bado wakafa watu 55 kati ya 137. Wengi wao hawakuungua, ni moshi. Moshi uliingia mpaka mtu haoni mkono wake, watu wakabanana kwenye njia nyembamba, wengine wakapita juu ya viti. Baada ya hapo ndo vikaja vitambaa vya viti visivyoshika moto haraka, zile taa za sakafuni za kukuonyesha njia, na nafasi pana zaidi kwenye milango ya juu ya bawa. Kwenye moshi macho hayakusaidii, vidole vinasaidia: unagusa moja, mbili, tatu, mpaka saba, unageuka mlango uko hapo. Ndo maana pia wanazima taa za ndani usiku wakati wa kuruka na kutua, macho yazoee giza mapema, sio kwamba wanabana umeme kama dereva wa matatu alivoniambia siku moja.

Yule jamaa akanyamaza, halafu nikamwona anageuka anahesabu vyake.

Kwenye kinyago cha oksijeni mama aligoma. Nikamwambia kikianguka kutoka juu uvae wako kwanza, mimi nitavaa wangu. Akaniuliza, yaani nijivalie mimi nikuache mwanangu unakufa? Nikamwambia mama, ukinivalisha mimi kwanza tunaweza tukalala wote wawili, hewa ya kule juu inakuzimisha haraka kuliko unavyodhani na husikii hata maumivu. Nikamtajia ile ya Helios ya Cyprus, 14 Agosti 2005, imetoka Larnaca kwenda Athens, mafundi waliikagua usiku wakaacha swichi ya kujaza hewa kwenye upande wa kuendesha kwa mkono, asubuhi marubani hawakuigundua, king'ora kikalia wao wakadhani ni cha kitu kingine. Vinyago vya abiria vilianguka nyuma, wao mbele hawakuvaa vyao, wakazimia wakiwa bado wanabishana na tatizo kwenye redio. Ndege ikaendelea yenyewe mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Athens, watu 121 wote. Swichi moja. Mama akafikiri sana, akasema basi navaa, nikishavaa nakuvalisha wewe. Hapo tukaelewana.

Naomba hii kampuni na zote zinazotua Entebbe: wekeni hayo maelezo kwa Kiswahili. Dakika tatu za sauti, sio gharama. Kwenye ile ndege kulikuwa na Wakongo, watu wa Arua na Koboko, akina mama wa Rwanda waliokaa Tanzania, wengi Kiingereza chao ni cha sokoni na ile lugha ya pili ya kampuni hakuna aliyeijua. Yule mhudumu alifanya kwa moyo wake, na alimfanyia mtu mmoja. Wengine hamsini walibaki na picha.

Sasa asubuhi. Saa kumi na mbili tunashuka kwenye ule uwanja wa kubadilishia, nje nyeupe tupu, hata bawa halionekani lote. Ukungu. Mama kaona, kaanza kusali kwa sauti ya chini, na mimi kusema kweli mkono wangu ulikuwa na jasho. Magurudumu yameshuka, tunasikia. Tunashuka, tunashuka, na ghafla injini zikanguruma ndege ikanyanyua pua tukabanwa kwenye viti. Watu wakapiga kelele. Mtoto akalia. Mama akanishika akasema Roma.

Baada ya dakika mbili hivi rubani akaongea, sauti ya mtu anayekunywa chai. Akasema hatukuziona taa za barabara kwenye kimo ambacho tunapaswa kuwa tumeziona, kwa hiyo tumepanda, tutazunguka tujaribu tena, na kama haitawezekana tuna mafuta ya kutosha kwenda uwanja mwingine. Nikamtafsiria mama neno kwa neno. Nyuma yetu kuna mtu akaanza kulalamika ana ndege nyingine ya kuwahi, marubani gani hawa hawajui kutua.

Jamani. Hao ndo marubani wanaojua kutua. Uchunguzi wa Roma ulisema nini? Ulisema wafanyakazi wa ndege hawakujiandaa vya kutosha kwa aina ile ya kutua, hawakuwa wanatajiana kimo kama inavyotakiwa, na wakaendelea kushuka chini ya kimo cha mwisho bila kuona alama za barabara. Kuna namba moja kwenye karatasi ya rubani, ukiifikia hujaona taa unapanda, huulizi, huongezi hata futi kumi za kuchungulia. Wale wetu wa 1988 walipanda mara mbili, mara ya tatu hawakupanda. Huyu wa kwetu alipanda mara ya kwanza bila kubembelezwa na akatuambia kwa nini. Nilimweleza mama hivo hivo, nikamwambia mama, kile kilichokutisha sasa hivi ndo kile ambacho ungetaka kifanyike Roma. Akanitazama sana. Akasema, kwa hiyo kupanda ni uzima. Jaribio la pili tukatua, laini, taa nikaziona dirishani mwenyewe. Marubani 10 kwa 10 na kama kungekuwa na 11 ningewapa.

Hapo hapo kwenye ndege nilikuwa nimeshaandika kichwani tathmini nzuri tupu. Halafu mlango ukafunguliwa.

Kiti cha magurudumu hakuna. Abiria wote wakashuka, wasafishaji wakaingia, wakaanza kukunja mablanketi, mama amekaa na mkoba wake mapajani kama mtu aliyesahauliwa stendi. Yule mhudumu wa mvi alikataa kushuka na kutuacha, akapiga simu mara tatu, mwisho muda wake ukaisha akabadilishana na mwenzake, akamkumbatia mama akaenda. Dakika hamsini. Kilipokuja, aliyekisukuma hakusalimia, akatusukuma mpaka kwenye chumba fulani cha kusubiri akatuacha na wazee wengine wanne bila neno. Ndege yetu ya Munich ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Tumefika getini imefungwa. Na wenzetu wa ndege ile ile ya Entebbe waliokuwa na miguu mizima waliiwahi, nimeonana na mmoja baadaye kwenye Whatsapp ya Waganda wa Munich, kaniambia walipanda wakakaa. Kwa hiyo ukungu sio sababu.

Kaunta ya kampuni wakasema kiti ni kazi ya uwanja. Dawati la uwanja wakasema kampuni haikutuma ujumbe. Mama katikati. Wakatupa ndege ya saa tisa mchana na kuponi za chakula ambazo zilitosha supu mbili na maji, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba tuna haki zaidi ya hapo. Mnaosafiri nanyi muijue hii: ukiruka na kampuni ya Ulaya kutoka Entebbe kwenda nchi ya Umoja wa Ulaya, au ukiruka na kampuni yoyote kutoka kwenye uwanja wa nchi hizo, kuna sheria namba 261 ya mwaka 2004. Ukifika mwisho wa safari umechelewa masaa matatu au zaidi, na sababu sio hali ya hewa au kitu kilicho nje ya uwezo wao, kwa safari ndefu kama yetu fidia inafika yuro 600 kwa kila abiria. Kwa abiria, sio kwa familia. Tunza boding pasi, piga picha ubao wa matangazo ya ndege, andika masaa. Mimi niliandika yote nyuma ya risiti ya supu. Nimejaza fomu kwenye tovuti yao, wamejibu wanachunguza, nikiandika hii ni wiki ya sita. Nitaongeza hapa wakilipa.

Tukiwa tunasubiri pale dirishani mama akaona gari la njano linatembea taratibu kwenye lami, likasimama, mtu akashuka akaokota kitu kidogo, akakitia kwenye ndoo, akaondoka. Mama akauliza kapoteza nini. Nikamwambia anaokota vyuma. Concorde ya Ufaransa, 25 Julai 2000, Paris, ilikanyaga kipande cha bati kama sentimita 43 kilichodondoka kutoka ndege nyingine iliyoruka kabla yake, tairi likapasuka, kipande cha tairi kikapiga tangi la mafuta, moto, watu 113 wakafa, wanne kati yao walikuwa chini hotelini. Bati ambalo fundi alilifunga vibaya. Kwa mtu wa spea hiyo habari haitoki kichwani, kila nikiuza bolti naiona.

Munich tukafika jioni badala ya asubuhi. Uwanja wao sina la kulalamika, kiti kilikuwa mlangoni, binti anayekisukuma alimfunga mama skafu vizuri kabla ya kutoka nje kwenye baridi. 10.

Shemeji yangu ni mtu wa Mbale na Manchester United ni dini yake, na tulikuwa pale wiki ya tarehe 6 Februari, kwa hiyo akatupeleka Manchesterplatz. Ni kauwanja kadogo tu upande wa Trudering, karibu na ulipokuwa uwanja wa zamani wa ndege wa Riem, ambao walihama 1992 na sasa pana kumbi za maonesho na nyumba za watu. Watu wameacha skafu nyekundu na mishumaa kwenye baridi ile. Kila banda la mpira Kampala wanaijua ajali ya Munich 1958, lakini ukiwauliza ilianguka kwa nini wanasema barafu. Timu imetoka Belgrade, 3-3 na Red Star, ndege imeshuka Munich kuongeza mafuta, ikajaribu kuruka ikaacha, ikajaribu ikaacha, mara ya tatu spidi ikapanda kisha ikashuka na barabara imebaki fupi, ikapita uzio ikagonga nyumba. Wakafa watu 23, wanane kati yao wachezaji. Wajerumani wakamlaumu rubani James Thain kwamba hakuondoa barafu kwenye mabawa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuja kumsafisha, ilikuwa ni tope la theluji barabarani lililokuwa linakaba magurudumu, kitu ambacho wakati ule watu hawakukijua vizuri. Hakurudi tena kurusha abiria, alibaki na shamba lake la kuku. Mama alimuuliza shemeji, huyo rubani jina lake limeandikwa hapa? Shemeji hakuwa na jibu. Mama akawasha mshumaa wa pili.

Kurudi, theluji. Ndege ikaenda ikasimama karibu na barabara ya kurukia, magari mawili yenye mikono mirefu yakaja yakaanza kumwagia mabawa maji ya moto yenye dawa, kwanza ya rangi ya machungwa, mvuke ukafunika madirisha, kisha ya kijani nzito kama uji wa mlenda inayonata juu ya bawa. Ile ya kwanza inatoa barafu, ile ya pili inazuia nyingine isishike kwa muda fulani, muda ukipita kabla hujaruka unarudi unamwagiwa tena. Kuchelewa dakika arobaini na tano na watu wakaanza kuguna. Mama hakuguna. Akaniambia waache waoshe.

Transiti wakati wa kurudi kiti kilikuwepo, sijui ni kwa sababu ya malalamiko yetu au bahati. Kwa hiyo marubani 10, wahudumu 9 kwa kukosa Kiswahili kwenye video, Entebbe 9, Munich 10, chakula 5, huduma ya kiti transiti wakati wa kwenda 3 na hiyo 3 ni ya yule mhudumu wa mvi. Nitapanda tena na kampuni hii, ila nikiwa na mama nitachagua nafasi ya kubadilisha ndege isiyopungua masaa matatu.

Tulitua Entebbe usiku, taa zimezimwa, ziwa jeusi chini. Nikasikia mama anagusa kiti cha nyuma yake kwenye giza, ananong'ona moja, mbili, mpaka tano, safari hii mlango ulikuwa viti vitano. Magurudumu yakagusa, watu wakapiga makofi, na kabla ndege haijasimama nusu ya ndege wameshanyanyuka wanafungua makabati ya mizigo. Nami mkono wangu ukaenda kwenye mkanda. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Kaa. Taa ya mkanda bado inawaka."